Mama yako alikuwa wapi alipokuwa na mimba yako? Uzi kuhusu dawa iitwayo DES

#1 Binti wa 63

Habari zenu wadau. Uzi huu nimeuandika na kuufuta tangu mwezi wa nane, kwa sababu una mambo ya mama yangu ndani yake na ilibidi kwanza anipe ruhusa. Ameshanipa.

Mwenye haraka asome aya hii tu. Kama mama yako alikuwa na mimba yako akiwa Marekani wakati wowote kati ya miaka ya 1940 na 1971, au Ulaya hadi miaka michache baada ya hapo, muulize kama alipewa vidonge vya kushikilia mimba. Hasa kama aliwahi kuharibikiwa na mimba kabla yako. Jibu lake linabadilisha namna daktari anavyopaswa kukupima, hata kama leo una wajukuu.

Nilizaliwa Chicago, Januari 1963. Baba alikwenda kwa zile ndege za wanafunzi alizozipigania Tom Mboya. Ya kwanza iliondoka 1959 na wanafunzi 81, yeye akapanda mwaka uliofuata. Mama alimfuata 1961, akiwa hajamaliza hata mwaka tangu mimba yake ya kwanza itoke ikiwa ya miezi minne. Tulirudi Nairobi nikiwa na miaka miwili. Chicago siikumbuki hata kidogo, ninayo kwenye picha tu.

Mimi mwenyewe nimebeba mimba nne. Ya kwanza, 1986, ilitoka wiki ya kumi. Ya pili ilifika mwezi wa tano, nikaipoteza usiku mmoja bila hata maumivu ya kunionya. Ya tatu ilitunga kwenye mrija, mrija ukapasuka nikiwa kazini, na nilipofikishwa hospitali sikuwa najitambua. Ya nne ni binti yangu, aliyezaliwa 1995 wiki ya 31, njiti wa kilo moja na nusu, akakaa kwenye chumba cha joto wiki sita huku nikimkamulia maziwa kwenye kikombe.

Nyumbani kwa mume walisema nimefungwa. Niliombewa, nikaoshwa kwa maji usiku, nikaambiwa nitaje niliyemkosea. Mwaka 1993 daktari mmoja alinipiga ile picha ya kuingiza rangi kwenye mfuko wa uzazi. Akaishika filamu dirishani, akachora kwa kidole: mfuko wako una umbo la herufi T. Akasema ni maumbile tu. Kuhusu mama yangu hakuniuliza lolote, nami sikujua kuna la kuuliza.

Imepita miaka 31. Mwaka 2024 nilikwenda kliniki moja upande wa Hurlingham kwa jambo jingine kabisa, nikaonana na daktari wa kike ambaye angeweza kuwa mwanangu. Alisoma faili langu lote, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye ile picha akatulia, kisha akaniuliza: "Mama, mama yako alikuwa wapi alipokuwa na mimba yako?"

Naendelea chini.

#2 Kijana wa Rongai

Pole sana mama, hiyo ya mwezi wa tano imenigusa. Lakini hiyo dawa ni gani? Nina miaka 28 na sijawahi kuisikia popote.

#3 Binti wa 63

Asante mwanangu. Usijilaumu, hata mimi nilifika miaka 61 bila kuisikia.

Jina lake refu ni dayethilistilbestroli, kwa kifupi DES. Ni estrojeni ya maabara, yaani dawa inayofanya kazi ya homoni ya kike mwilini ingawa haikutoka kwenye mwili wowote. Charles Dodds na wenzake waliitengeneza Uingereza mwaka 1938. Utafiti wao ulilipiwa na fedha za umma, kwa hiyo haikuwekewa hataza. Kiwanda chochote kikawa huru kuitengeneza, na ilikuwa rahisi, tena ya kumeza. Ikasambaa.

Marekani iliipa kibali mwaka 1941, kwa mambo kama yale maudhi ya kukoma hedhi. Mwaka 1947 kibali kikapanuliwa hadi kwa wajawazito. Huko Boston kulikuwa na watafiti wawili wa Harvard, mume na mke, George na Olive Smith, walioamini kwamba mimba nyingi hutoka kwa sababu homoni za mama zimepungua, basi zikiongezwa mtoto atakaa. Waliweka utaratibu: miligramu 5 kwa siku kuanzia wiki ya saba, kisha kupandisha hatua kwa hatua hadi miligramu 125 kwa siku ifikapo wiki ya 35. Lakini wanawake wao hawakulinganishwa ipasavyo na wengine wasiomeza kitu.

Jaribio la haki lilifanywa na William Dieckmann na wenzake, Chuo Kikuu cha Chicago, likatangazwa 1953. Wajawazito zaidi ya 1,600. Karibu nusu walipewa DES, waliobaki wakapewa kidonge kisicho na dawa, na mama mwenyewe hakujua alichopewa. DES haikumsaidia yeyote. Mimba zilitoka vilevile. Takwimu hizohizo zilipochambuliwa upya mwaka 1978, ikaonekana waliomeza DES ndio walioharibikiwa zaidi na kuzaa njiti zaidi.

Someni tarehe. Jaribio lilitangazwa 1953. Mama yangu alianza kumeza vidonge 1962, katika mji uleule wa Chicago. Miaka tisa. Sitataja kliniki aliyokwenda, kwa sababu madaktari wa mji mzima na wa nchi nzima waliendelea kuiandika. Lakini kila nikifika kwenye hiyo hesabu moyo wangu unakwama hapo.

#4 Muuguzi Mstaafu

Dada yangu, pole na hongera kwa kuandika. Nilisomea uuguzi hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 70. Nataka kusaidia kwa jambo moja: majina. Watu wakienda kutafuta "DES" kwenye kadi za zamani hawataiona. Waingereza waliiita stilboestrol, na ndivyo sisi tulivyoijua, kwa ajili ya wanaume wenye saratani ya tezi dume na kwa kukausha maziwa ya mama aliyefiwa na mtoto. Marekani iliuzwa kwa majina ya kibiashara zaidi ya mia mbili. Ufaransa iliitwa Distilbène. Mwandiko wa daktari ukiwa mbaya, tafuteni herufi "stilb", hizo ndizo hubaki.

#5 Dada Kayole

Anti samahani kuingilia. Mimi nilipokuwa na mimba ya miezi miwili nilitokwa na damu, nikapewa dawa ya kushikilia mimba, nyingine ya kumeza, nyingine ya kuweka chini. Mtoto sasa ana miezi saba. Nimeanza kutetemeka. Na P2 nayo je? Nilishameza P2 mara tatu maishani.

#6 Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, tulia. Dawa za siku hizi za kushikilia mimba ni za jamii ya projesteroni. DES ni estrojeni. Hizo ni homoni mbili tofauti na kazi zao ni tofauti. Tena projesteroni imepimwa kwa njia ambayo DES haikupimwa kabla ya kusambazwa. Uingereza walitoa matokeo mwaka 2019, wanawake zaidi ya 4,000 waliotokwa na damu mimba ikiwa changa. Waliojifungua mtoto hai ni 75 kwa mia kwa projesteroni, na 72 kwa mia kwa dawa bandia, tofauti ambayo kwa jumla ni ndogo mno kutegemewa. Faida ilionekana kwa wale waliokuwa wamewahi kuharibikiwa kabla. Mnyonyeshe mtoto wako kwa amani.

P2 ni levonorgestreli, nayo ni jamii hiyohiyo ya projesteroni, haina estrojeni kabisa. Ni ya dharura, haistahili kuwa ndiyo njia yako ya kila mwezi, lakini haihusiani na uzi huu.

#7 Binti wa 63

Asante sana sista. Dada Kayole, ukiwa bado na wasiwasi chukua jina la dawa uliyopewa, uliandike nyuma ya kijitabu cha kliniki cha mtoto. Hilo ndilo mama yangu hakufanyiwa na mtu yeyote, na ndiyo sababu ikanilazimu kutafuta kwa miezi.

#8 Mwanafunzi wa Chiromo

Shikamoo mama. Niko mwaka wa tatu wa udaktari, tumesoma jambo hili kwenye somo la ukuaji wa kijusi. Naomba nieleze kwa nini hasa tumboni, maana wengi huuliza: kama mama alimeza, mbona aumie mtoto?

Mama mjamzito ana estrojeni yake nyingi, lakini damuni kuna protini zinazoishika sehemu kubwa, isimfikie mtoto ikiwa huru. DES haishikiki hivyo, inapita kwenye kondo la nyuma na kumkuta mtoto ikiwa na nguvu zake. Na inamkuta wakati gani? Katika miezi mitatu, minne ya kwanza, pale mirija miwili midogo ya kijusi inapoungana kuwa mfuko wa uzazi, mlango wake na sehemu ya juu ya uke. Kuta hazijajua zitakuwa nini. Chembe zinapewa amri isiyo yao. Ndiyo maana mfuko wa mama ukatoka na umbo la T badala ya umbo la peasi, na ndiyo maana mabinti wengi wa DES wana tishu za tezi kwenye ukuta wa uke, mahali ambapo hazipaswi kubaki. Mwili wa mama aliyemeza ulikuwa umekwisha kukua, kwa hiyo kwake madhara hayakuonekana mapema.

#9 Binti wa 63

Marahaba. Umeeleza vizuri kuliko mimi. Ila mama naye hakusalimika. Waliomeza DES wakiwa wajawazito wana hatari ya saratani ya matiti iliyozidi ya wengine kwa kiasi cha asilimia 30 hivi. Mama yangu ana miaka 86 na hana ugonjwa huo, namshukuru Mungu.

#10 Mzee wa Kangemi

Binti yangu, sitaki kukuvunja moyo. Lakini wanawake wengi hupoteza mimba bila dawa yoyote, na wengi waliomeza hiyo dawa watoto wao wapo na wana watoto. Si vizuri kuwatia watu hofu juu ya mambo ya miaka sitini iliyopita. Mengine ni mapenzi ya Mungu.

#11 Binti wa 63

Mzee wangu, nakujibu kwa heshima, na swali lako ni la haki. Ni kweli wengi wako salama. Ile saratani inayojulikana zaidi huwapata kama binti mmoja katika kila mabinti elfu. Mimi sikuipata.

Lakini tazama mengine. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa hesabu ya wanawake 4,653 waliokuwa tumboni mama zao wakimeza DES, wakilinganishwa na 1,927 ambao mama zao hawakumeza. Hadi kufikia miaka 45, waliotatizika kupata mimba ni 33 kwa mia, wenzao ni 15 na nusu. Waliopata mimba nje ya mfuko wa uzazi ni karibu 15 kwa mia, wenzao hawafiki 3. Waliozaa njiti ni 53 kwa mia, wenzao 18. Na hii iliyonifanya nizime simu nikatoka nje: waliopoteza mimba katikati, ya mwezi wa nne, wa tano au wa sita, ni 16 kwa mia. Wenzao ni 1.7.

Mimi niko kwenye kila mstari wa hesabu hiyo. Mrija, njiti, mwezi wa tano. Kwa miaka 38 niliamini ni mimi mwenye kosa, na watu wa ukoo mzima waliamini hivyo, mzee wangu. Kuna mwanamke aliyenikataza nisimbebe mtoto wake mchanga. Sikatai mapenzi ya Mungu. Nasema tu kwamba kulikuwa na kidonge.

#12 Mzee wa Kangemi

Nimekuelewa binti yangu. Unisamehe.

#13 Bi Majengo

Walijuaje sasa kwamba ni hiyo dawa? Maana mtoto anaugua baada ya miaka ishirini, nani atakumbuka kidonge?

#14 Binti wa 63

Bi Majengo, hapo ndipo penyewe. Walijua kwa sababu mama mmoja aliuliza.

Mwishoni mwa miaka ya 60, hospitali moja ya Boston ilianza kupokea wasichana wa miaka 15 hadi 22 wenye saratani ya uke ya aina ambayo ilikuwa ya nadra hata kwa wanawake wazee. Madaktari hawakuelewa. Arthur Herbst, Howard Ulfelder na David Poskanzer wakaanza kuuliza kila kitu. Kisha mama wa mgonjwa mmoja akamuuliza daktari kama yaweza kuwa ni ile dawa aliyopewa alipokuwa na mimba. Hakuna aliyelifikiria hilo. Wakaenda kuwauliza akina mama wote. Katika wasichana wanane, mama saba walikuwa wamemeza DES. Wakachukua wasichana 32 wasio na ugonjwa kwa kulinganisha, na mama zao hakuna hata mmoja aliyeimeza. Wakachapisha Aprili 1971, na Novemba mwaka huohuo serikali ya Marekani ikatoa onyo kwamba mjamzito asipewe. Kufikia hapo Marekani peke yake waliofikiwa na dawa, mama na watoto pamoja, wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 5 na 10. Uholanzi na Ufaransa ziliendelea hadi katikati ya miaka ya 70, Ufaransa ikaacha 1977.

Yule mama hakuwa daktari. Alikumbuka tu alichomeza, akasema.

#15 Wakili wa Ngara

Kwa wanaofikiria upande wa sheria: Marekani jambo hili lilibadilisha sheria yenyewe. Tatizo la mabinti lilikuwa hili, kwamba viwanda vilivyotengeneza DES ni vingi na baada ya miaka ishirini huwezi kuthibitisha mama yako alimeza cha nani. Mwaka 1980 Mahakama Kuu Kabisa ya California, katika kesi ya Judith Sindell, iliamua kwamba viwanda vyaweza kubebeshwa fidia, kila kimoja kwa kadiri ya sehemu yake ya soko. Kabla ya hapo ungefika mahakamani ukaambiwa umtaje aliyekudhuru, huwezi, kesi inaanguka.

#16 Binti wa 63

Asante wakili. Mimi sitafuti fidia, nina miaka 62 na kliniki yenyewe labda haipo. Lakini nimefurahi kujua kwamba kuna mahakama iliyosema kutojua jina la kiwanda si kosa la binti.

#17 Kaka Eastlands

Na wanaume? Mathe alinizaa Ujerumani 1966.

#18 Binti wa 63

Kaka, mdogo wangu wa kiume alizaliwa Chicago pia, mwishoni mwa 1964, na ameniruhusu nimseme. Alizaliwa korodani moja haijashuka, akapasuliwa akiwa na miaka saba. Baadaye akapata vijivimbe vya maji nyuma ya korodani, visivyo na saratani. Yote mawili yameonekana kwa wana wa DES zaidi ya wengine, pamoja na uvimbe na maambukizi ya korodani. Yeye ana watoto watatu. Jipapase mara kwa mara ukioga, ukikuta kitu kipya usikae nacho. Na muulize mathe.

#19 Dada Kayole

Anti, mama yako alisemaje ulipomuuliza? Kama hutaki kusema basi.

#20 Binti wa 63

Nitasema, kwa sababu wengi mtafika hapo.

Mama anaishi na dada yangu Buruburu. Nilikwenda Jumamosi, nikashuka stejini nikanunua ndizi, nikapika chai mwenyewe. Sikumuuliza kuhusu dawa. Nilimuuliza kuhusu yule mtoto wa kwanza, aliyepotea kabla ya Chicago. Katika maisha yangu yote nilijua yupo lakini hakuna aliyewahi kumtaja mbele ya mama. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kueleza, na alieleza hadi jioni: baridi ya Chicago, koti la kuazima, mwanamke wa nyumba ya chini aliyempeleka kliniki, na hofu yake kwamba atampoteza na wa pili pia.

Nikamuuliza, "Walikupa dawa mama?"

Akasema, "Walinipa. Vidonge. Niliviweka kwenye kisosi kando ya kikombe cha chai kila asubuhi ili nisisahau. Sikukosa hata siku moja." Alisema hivyo kwa fahari. Nilishindwa kumtazama.

Ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani kuna barua ya ndege, ile ya karatasi ya bluu inayojikunja, aliyomwandikia mama mdogo Septemba 1962. Mama mdogo aliitunza hadi kufa kwake, ikarudi. Imeandikwa kwa lugha ya kwetu, nawatafsiria mstari mmoja: *Daktari wa hapa amenipa vidonge vya kumshika mtoto, na kila nikirudi anaongeza.*

Kila nikirudi anaongeza. Ile hesabu ya Boston, miligramu 5 hadi 125, iko kwenye barua ya mama yangu.

Nilipomwonyesha daktari wangu, aliisoma mara mbili nikimtafsiria, akaomba aipige picha aiweke kwenye faili.

Kumweleza mama maana yake kulinichukua wiki tatu nyingine. Alilia. Alisema, "Nilimeza ili wewe uishi." Nikamwambia hilo nalijua, na waliokuandikia walipaswa kujua, si wewe. Nimemwambia hivyo mara nyingi tangu hapo, na bado kuna siku anapiga simu asubuhi kuniuliza kama ninaumwa.

#21 Muuguzi Mstaafu

Nimelia hapa jikoni. Dada, waambie sasa wakapimwe nini, maana watu watakwenda hospitali na kuambiwa wamepita umri.

#22 Binti wa 63

Kweli. Jambo la kwanza ni kumwambia daktari kwa maneno haya: mama yangu alimeza DES, au stilboestrol, akiwa na mimba yangu. Mwambie aandike. Madaktari wengi vijana hawajawahi kukutana na mtu kama sisi. Hilo si kosa lao, na wengi wakielezwa hufuatilia.

Kipimo chetu si kile cha kawaida. Kile cha siki kinachofanywa kwenye vituo vya afya hutazama mlango wa kizazi, na kwa mwanamke mwingine kinafaa. Kwetu sisi lazima uke wenyewe ukaguliwe: daktari apapase kuta zote kwa kidole kutafuta uvimbe au mahali pagumu, na kipimo cha Pap, kile cha kukwangua chembe, kichukuliwe kwenye mlango wa kizazi na kwenye kuta za juu za uke pia. Akiona jambo anaweza kupaka iodini. Sehemu nzima hubadilika kuwa ya kahawia, na palipo na tishu zile za tezi hapashiki rangi. Kwangu palibaki vipande viwili visivyoshika, nikavionyeshwa kwenye skrini. Vimekatwa kidogo kupimwa, ni salama. Hurudiwa kila mwaka. Hakuna kusema umezeeka basi, na hata waliotolewa mfuko wa uzazi bado wana uke wa kukaguliwa.

Matiti vilevile. Katika ile hesabu ya 2011, saratani ya matiti kuanzia miaka 40 iliwapata mabinti wa DES 3.9 kwa mia, wenzao 2.2. Kwa hiyo mamogramu isirukwe. Na kukoma hedhi mapema kumeonekana zaidi kwetu, jambo linalogusa mifupa.

Kuhusu binti yangu, maana mtauliza. Ana miaka thelathini. Watafiti wanawafuatilia wajukuu. Uholanzi mwaka 2002 waliona wana wa mabinti wa DES wakizaliwa na tundu la mkojo lisilo mahali pake mara nyingi kuliko wengine, kisha tafiti zilizofuata zikakuta tofauti ndogo zaidi. Nimemwambia yote, naye ameyaandika kwenye faili lake. Alikasirika, si kwangu, akanyamaza siku mbili, halafu akaja kulala kwangu.

#23 Msomaji wa Kimya

Mama, sijawahi kuchangia humu. Mama yangu alisomea ualimu Leeds, nikazaliwa huko 1969. Mimi nimepoteza mimba tatu, zote mwezi wa tano. Nimempigia simu sasa hivi yuko Kisumu, nikamuuliza moja kwa moja kuhusu vidonge. Amesema hakumbuki, akakata.

#24 Binti wa 63

Dada, hakukata kwa hasira. Usimuulize tena kwenye simu. Panda basi, lala huko siku mbili. Usianze na vidonge, anza na Leeds, chumba alichoishi, nani alimpikia uji ulipozaliwa. Kama kuna mimba iliyotangulia kabla yako, iache aitaje yeye mwenyewe. Kisha uulize kama ana kadi yoyote ya kliniki ya Uingereza, au kama aliandika barua nyumbani, na aliyeziweka ni nani. Shangazi zako, mama wadogo, waulize wote.

Na usisubiri kadi ndipo upimwe. Mimba tatu za mwezi wa tano zinatosha kumwambia daktari. Omba ile picha ya mfuko wa uzazi, na umwambie Leeds 1969. Nikutumie ujumbe wa faragha nikueleze ninapokwenda mimi?

#25 Msomaji wa Kimya

Nitumie mama. Nimekata tiketi ya basi la Alhamisi usiku.